Sauti Iliyonitangulia Ukweni

Kwa watu wa kaskazini ya Katanga, mwanamume aliyeoa ana sheria moja inayozizidi zote: asikutane na mama mkwe wake. Akimwona njiani, apinde kichochoro. Akikosa kichochoro, aingie majanini asimame humo mpaka mama apite. Nyumbani kwake haingii kabisa, mpaka wazee wamwingize rasmi kwa kuku, pombe na hotuba, na siku hiyo inaweza kuchelewa mpaka mtu aote mvi. Mimi niliingia sebuleni kwa mama mkwe wangu kabla ya mwaka wa ndoa kuisha, mchana kweupe, nikiwa nimekaa nyumbani kwangu kwenye kiti, na nilipoingia nilikuwa naeleza urefu wa antena.

Watu wakisikia habari hii wanacheka. Wacheke. Mimi ndiye niliyekula bukari, ugali wetu wa Katanga, ikiwa mbichi kwa ajili yake.

Babu yangu alikuja Lubumbashi kutoka Maniema, na cherehani yake kichwani. Kwetu sisi Waislamu wa Maniema kuna heshima kwa mama mkwe pia, lakini ni ya kuinamisha kichwa na kupunguza sauti. Ya ukoo wa mke wangu, hao wa kaskazini, ilikuwa ya kukimbia. Mke wangu alikuwa Mkatoliki, binti wa fundi wa reli aliyekwisha kufariki. Jinsi familia hizi mbili zilivyokubaliana nisiulizwe, kesi ile ilifungwa na sina haja ya kuifungua.

Tulipooana, nyumba pekee niliyopata kupanga ilikuwa mtaani Katuba, kwenye avenyu iliyo nyuma ya avenyu ya mama mkwe. Ua wetu ulipakana na ua wao. Katikati kulikuwa na ukingo wa majani na kichuguu kimoja kirefu kupita nyumba zote mbili, kama vichuguu vya mji wetu vilivyo. Mjomba wa mke wangu, aliyekuwa msemaji wa familia, alikuja kukikagua. Alikizunguka, akakipiga teke kidogo, akasema kinatosha kuzuia macho. Alisema kweli. Macho hayakupita hata siku moja.

Sasa redio. Nilikuwa fundi wa simu kwenye kampuni ya shaba, lakini mapenzi yangu yalikuwa hewani. Padri mmoja mzee aliyenifundisha fizikia alikuwa mmoja wa wale wanaozungumza kwa redio na wenzao wa nchi za mbali, kwa kujifurahisha tu, bila biashara. Aliporudi kwao Ulaya aliniachia seti yake ya kurushia, nzito kama jiwe la kusagia, pamoja na nasaha: waya wa ardhi, ule unaoshusha umeme wa ziada udongoni, uwe mfupi, ardhi yenyewe iwe na unyevu, na nyaya zisiachwe zikatembea ovyo, kwa maana kila waya mrefu unaota tabia ya antena. Seti niliipokea kwa mikono miwili. Nasaha niliipokea kwa sikio moja. Kibali nilikifuatilia posta mpaka abakosti yangu ya harusi, lile koti la enzi zile lisilovaliwa na tai, ikachakaa kwenye viwiko.

Kazi ya mtu wa hewani, kwa sehemu kubwa, ni kuita. Unashika mikrofoni unasema kwa Kifaransa, "Appel général, appel général," maana yake namwita yeyote anayenisikia. Unataja alama yako, unasema Lubumbashi, halafu unasikiliza. Mara nyingi unachosikia ni mvumo mtupu. Unaita tena. Mke wangu alikuwa akipita na ndoo yake ananitupia neno.

"Bado habajaitika?"

"Beko nakuya," namjibu, yaani wako njiani, kama vile nimewaona kwenye kona ya avenyu.

Mlingoti wa antena niliusimika juu ya kichuguu, maana hakuna mtu mwenye akili anayepata kilima cha bure akakiacha. Nyaya zangu zote, wa umeme, wa mikrofoni, wa spika na wa ardhi, nilizifunga fungu moja nikalipitisha nyuma ya kabati la vyombo, likazunguka mlango, likarudi. Mke wangu hakutaka kuziona, na mimi nilitaka amani ndani ya nyumba. Nikizungumza kwa nguvu, taa ya mezani ilikuwa inapepesa. Mikrofoni nayo ilikuwa inaniuma midomo, cheche ndogo kama ya siafu. Niliona ni dalili ya nguvu za mtambo wangu. Nilikuwa najisifu kazini kwa midomo ile.

Lakini cha kujivunia zaidi kilikuwa ardhi yangu. Mtoto wa Lubumbashi hafundishwi kwamba anaishi juu ya shaba, anazaliwa anajua. Nikajiambia, padri kule kwao lazima achimbie ufito mrefu wa chuma, kwa sababu chini yake kuna udongo tu. Mimi chini yangu kuna shaba mpaka kuzimu. Nikachukua msumari, nikaupigilia ubavuni mwa kichuguu, nikauviringishia waya, nikaita hiyo ardhi. Kosa kama hilo mtu wa Kinshasa hawezi kulifanya hata akilipwa. Linahitaji kiburi cha kuzaliwa Katanga.

Basi Jumapili moja baada ya misa, akina mama wa parokia walikuwa wamekusanyika sebuleni kwa mama mkwe wangu kumenya karanga. Jua lilikuwa kali. Wako wenyewe kwa wenyewe, vitenge vimelegezwa, viatu vimevuliwa, na gramafoni kubwa ya umeme, ya mbao, aliyoiacha marehemu mumewe inapiga rumba. Katikati ya rumba nikaingia mimi, sauti tupu, kupitia spika yake.

Siku hiyo, baada ya majuma ya kuita hewa tupu, nilikuwa nimeitikiwa na mzee mmoja wa Ureno, na furaha ilikuwa imenipanda kichwani. Nilimweleza antena, nikamweleza joto la Lubumbashi, nikamwambia mbingu iko safi. Mwishoni nikamuaga kwa adabu ya watu wa hewani wanaosema Kifaransa: "Mes hommages à Madame." Heshima zangu kwa mama wa nyumba. Kule ng'ambo ya kichuguu, akina mama wote wa parokia walimgeukia mama wa nyumba.

Mke wangu alikuwapo, na ndiye aliyenisimulia. Anasema walikimbia wote, karanga zikamwagika hadi barazani. Kiongozi wa kwaya, mama mwenye mwili wake, alipitia dirishani, na dirisha lile mimi mwenyewe nisingelipita. Mama mkwe wangu alirudi kinyumenyume, kwa kuwa hawezi kuielekezea sauti ya mkwe uso wake, akapapasa, akaifunika gramafoni kwa kitenge cha kwanza alichokigusa. Kwa bahati mbaya kilikuwa kitenge cha chama, chenye uso wa Mkubwa wa nchi. Hivyo mjomba alipofika akifuata makelele, alimkuta Mkubwa wa nchi akiita, "Appel général, appel général."

"Ondoeni!" alilia mjomba. "Ondoeni mbio! Munataka batufunge bote?"

Wakaweka kitenge cha maua.

Jioni ile ile mjomba alikuja kwangu akiwa amevaa abakosti, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Nilimpa maji akayakataa, nikajua mambo yameharibika.

"Citoyen mukwe," alisema, yaani raia mkwe, kama serikali ilivyotaka tuitane, "siye hatuko bantu ba fujo. Mais sauti yako imeingia mu nyumba ya mama mukwe. Ameisikia na masikio yake. Bamama bote bameisikia."

"Sauti haina miguu, mjomba."

"Njo mubaya zaidi. Ingekuwa na miguu, tungeifunga kamba."

Mimi nina hasira za karibu, siwezi kulificha. Nikamwambia seti yangu inarusha pale kibali kinaporuhusu. Gramafoni yao ndiyo inayosikiliza yasiyoihusu, basi wakaionye gramafoni. Na kwa ufundi nilikuwa na haki, narudia hata leo. Mjomba alinitazama kwa huzuni.

"Gramafoni ile alinunua marehemu. Weye iko nasema marehemu alinunua kintu ya umbea?"

Ukishasukumwa mpaka ukingoni mwa kaburi la baba mkwe, huna tena hoja. Mjomba akatoa hukumu.

"Bibi yako tunamurudisha kwa mama yake. Siku sauti yako itabakia kwako, njo siku ile naye atarudia kwako."

Mke wangu alifunga nguo zake. Alichukua sufuria kubwa na mwiko, akaniachia sufuria ndogo, nami nikaelewa kwamba hii si safari ya siku mbili. Nilimwambia naizima seti leo hii, naiuza, naitupa mtoni. Akatikisa kichwa.

"Usiizime. Ukiizima juu yangu, utanikasirikia maisha yote, nakujua. Itengeneze tu."

"Na nikishindwa?"

"Basi nitazeekea pale ng'ambo ya kichuguu," alisema, akajitwika sufuria.

Mjomba naye hakutaka niizime, kwa sababu zake. Alisema redio iliyozimwa inaweza kuwashwa watu wakigeuza kisogo, na yeye alitaka jambo liishe, si lilale. Kwa hiyo nilitakiwa kuita kila alasiri kama kawaida, na yeye asimame kwenye ukingo wa majani aniambie kama bado nimo sebuleni mwao.

Nyumba iliingia ukimya. Nilikuwa nampenda mke wangu. Naliandika hapa kwa kuwa wakati ule sikuwa nimewahi kulisema, si kwake wala kwa mtu. Kwetu mwanamume alinunua sabuni na chumvi, na hayo yalihesabiwa kuwa maneno ya kutosha. Niligundua pia kwamba sijui kusonga bukari. Ya kwanza ilikuwa uji, ya pili ilikuwa tofali. Nilikula zote mbili.

Nilianza na adabu. Nilipeleka jogoo mnene wa kuomba radhi, kupitia kwa mjomba. Jogoo alipokewa vizuri, maneno mazuri yakasemwa. Kesho yake nikafungua seti kwa moyo mweupe, nikaita, "Appel général," na mara mjomba akatokea juu ya majani amekasirika. Mama mkwe alikuwa ananyonyoa jogoo yule yule wa radhi. Walimla hata hivyo.

Ndipo nikaukumbuka ule msumari. Ilikuwa kiangazi, na kichuguu wakati wa kiangazi hukauka kama biskuti. Padri alisema ardhi iwe na unyevu, sawa, nitaitia unyevu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nikawa naamka na ndoo, nanywesha kichuguu. Namwaga polepole nikizunguka, ili maji yaingie vizuri, huku nanong'ona hesabu zangu za umeme. Sikufikiri kwamba majirani wanaangalia. Vichuguu kwetu si vitu vya mchezo, wazee wanasema wafu hupumzika humo. Baada ya juma moja avenyu nzima ilikuwa na swali moja.

"Mukwe iko nanywesha kichuguu," walisema akina mama bombani. "Mule ndani iko nafuga nini?"

Mjomba akarudi na abakosti yake. Safari hii hata kiti alikikataa. Nikaapa kwa Mungu wa pande zote mbili za familia kwamba nafuga msumari. Alitaka kuuona. Nikamwonyesha. Aliutazama muda mrefu, akaniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kama kazini wananipa likizo. Mchwa nao walifurahia maji yale, wakajenga mpaka wakaumeza msumari na kipande cha waya. Hapo ndipo kiburi cha shaba kilipokwisha. Shaba ya Katanga ipo, ndiyo, lakini iko Kambove na kwingineko inakochimbwa, haikuja Katuba kunisubiri mimi.

Nikafanya kazi kama padri alivyoniagiza tangu mwanzo. Nilipata bomba la shaba lililotupwa, nikalikita karibu na bomba la maji, pale matope hayakauki mwaka mzima. Seti nikaihamishia dirishani ili waya wa ardhi uwe mfupi, hatua moja ya mtu mzima. Fungu la nyaya nikalifungua, kila mmoja nikaupitisha njia yake, zilizozidi nikazikata bila huruma. Waya wa umeme nikauviringa mara nyingi kwenye kijiti cheusi cha ferriti, kile kinachokaa ndani ya redio ndogo za betri kudaka mawimbi. Ukikizungushia waya, kinaziba njia ya mawimbi yanayotaka kupita humo kwa wizi. Taa ya mezani ikaacha kupepesa. Mikrofoni ikaacha kuniuma, nikaikumbatia karibu niibusu. Nikaita kwa uhakika wote.

"Bado!" alipiga kelele mjomba.

Nikafunika seti kwa sanduku la bati. Bado. Nikapunguza nguvu za mtambo mpaka nikawa nanong'ona tu hewani. Bado, ila kwa adabu zaidi. Alasiri ile nilikaa chini sakafuni karibu na seti, nikakata tamaa kabisa. Niliona mke wangu akizeeka ng'ambo ya kichuguu na mimi nikizeeka huku na sufuria ndogo.

Aliyeniokoa ni mke wangu mwenyewe. Alikuja kwenye kichuguu na kikapu, eti kuchota udongo wa kukandika jiko, akaniita chini kwa chini kupitia majani.

"Unakonda," alisema.

"Nakula vizuri."

"Moshi ya chakula yako tunaiona. Sikiliza. Sauti yako, mu salon inakuwa kidogo. Mu jikoni njo inakuwa kubwa."

"Jikoni? Gramafoni si iko sebuleni?"

"Mais spika ingine iko mu jikoni. Mama alivuta waya juu ya dari juma ile ya karanga, ikapita inje pa kamba ya nguo, ikaingia jikoni. Anapenda kusikia muziki akisonga bukari."

Nilitaka kucheka na kulia. Waya ule mrefu ulioning'inia uani, sambamba na antena yangu, umbali wa kurusha jiwe! Ulikuwa unadaka mawimbi yangu na kuyapeleka moja kwa moja ndani ya gramafoni, nayo inayageuza kuwa mimi. Ningeipamba seti yangu kwa dhahabu, bado ningeingia. Dawa ilitakiwa kuwekwa kule kwao, nyuma ya gramafoni, ndani ya nyumba ambayo sikuruhusiwa hata kuitazama mlango.

Nikamweleza mjomba. Alikuna kidevu. Mkwe kuingia na bisibisi, haiwezekani. Fundi mwingine kuletwa, aibu itatoka nje ya familia. Tukakubaliana kwamba mke wangu na mama yake wafanye kazi wenyewe kwa maelekezo yangu, na mjomba ayapokee ukingoni ayapeleke ndani. Nikampa kijiti kingine cha ferriti kupitia majani, akakipokea kwa mikono miwili kana kwamba ni mahari.

Tatizo ni kwamba mjomba alikuwa mtu wa hotuba. Nikimwambia, "Waya uzungushwe karibu na gramafoni," namsikia kule ndani: "Familia, mukwe wetu, muntu tuliyemupa mutoto wetu kwa moyo yote, leo anatuomba..." Akimaliza kusalimia, maelekezo yameshamtoka. Anarudi kuniuliza. Mara ya kwanza waliuzungusha ule upande wa jikoni, haikusaidia kitu. Mara ya pili waliuzungusha waya wa pasi. Nilisikia mke wangu, mpole kama alivyo, akipandisha sauti kwa mara ya kwanza.

"Mjomba, pardon. Sauti yake si inaingia? Basi iingie, iseme yenyewe!"

Mjomba aliingia ndani kushauriana na mama mkwe, ambaye kwa jambo zito hivyo alijibu kwa kukohoa. Akatoka akiwa amefunga kifungo cha juu cha abakosti.

"Mara ya mwisho," alitangaza. "Sawa vile munganga anavyoingia ku mugonjwa. Hakuna habari ingine."

Basi nikakaa mbele ya seti. Sheria za hewani hazipendi mambo ya nyumbani, lakini nilitaja alama yangu na kusema kwamba hili ni jaribio la mitambo, na ilikuwa kweli tupu. Nikawaambia kwa Kiswahili: kaeni nyuma ya gramafoni, pale waya wa spika unapotokea. Shikeni nyuzi zake mbili pamoja. Anzeni kuuzungusha kwenye kijiti, mzunguko ukibana mzunguko, bila kuacha nafasi, kama nywele zinavyofungwa kwa uzi. Mjomba alikuwa amesimama juu ya kichuguu, akipunga kitambaa kila hatua ikikamilika. Alipunga. Nikaendelea. Akapunga tena. Halafu akashuka upande wa pili, sikumwona tena.

Nikadhani amekwenda kuwasaidia. Niliwaambia wakaze. Nikawaambia wauzungushe mpaka kijiti kijae. Kimya, lakini kimya ni kawaida ya mtu wa hewani, na ili jaribio liwe jaribio ilinipasa kuendelea kusema. Maelekezo yakaniishia. Nikasema habari za hali ya hewa. Nayo ikaisha.

Halafu, sijui ni nini kilinipata, nikamwambia mke wangu. Nilijua mama yake ananisikia, mjomba ananisikia, pengine na kiongozi wa kwaya. Hata hivyo nikasema. Nikasema nyumba hii imekuwa pana kupita kiasi. Nikasema bukari yangu hata kuku wa jirani wameikataa, na nimekuwa naenda kazini na soksi zisizofanana. Nikasema nilikuwa naziita nchi za mbali zote na siku yule Mreno alipoitika nilifurahi, lakini nilifurahi zaidi kwa kuwa nilijua jioni nitamsimulia yeye. Nikasema nampenda. Nikalirudia. Nikamwomba mama mkwe asamehe masikio yake. Nikasema rudi, tafadhali, mwenzangu, rudi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa yeye, na sufuria kubwa kichwani.

Aliishusha, akanitazama nilivyoshikilia mikrofoni kwa mikono yote miwili, macho yamenijaa maji.

"Iko nasema na nani?"

"Na nyinyi!"

"Na siye? Tangu mizunguko ya mwisho hatusikie kintu. Ulikatika tu, fyu, sawa mushumaa." Akafuta mikono. "Ulikuwa nasema nini?"

"Hali ya hewa," nilisema.

Nilizima seti. Nilimwuliza mbona amekuja haraka hivyo, hata mjomba hajafunga jambo kwa hotuba. Akacheka. Mjomba alikuwa anaitoa hotuba sasa hivi kwa gramafoni. Ni mama yake aliyemsukuma atoke, sombe, kisamvu chetu, ikiwa jikoni haijaiva, akamtwika sufuria kwa mikono yake mwenyewe.

"Anaona furaha ya kuachana na sauti yangu," nilisema.

"Hapana." Mke wangu alikaa kwenye kiti cha pembeni, akapunguza sauti kama watu wanavyopunguza wakimtaja mama mkwe. "Haukujua. Weye unaita appel général, unanyamaza, unangojea. Unaita tena. Kila siku. Mama alikuwa anaweka mwiko chini, anageuza uso ku ukuta juu ya heshima, anaitika: 'Eyo, mwana wangu.' Kila mara. Alisema muntu hawezi kuita vile na bantu bote bamunyamazie. Sasa hatakusikia tena. Njo amenituma mbio. Anasema, 'Wende, mutoto. Akiita leo, ni nani atamuitika?'"